Kutazama Nyota Baada ya Kustaafu: Anza na Kiti, Kiinua Mgongo Kikae Benki

Barua ya kustaafu ikishatoka, washauri hawakosekani. Fuga kuku wa mayai. Nunua bodaboda umpe kijana akuletee hesabu. Jenga vyumba vya kupangisha. Kila ushauri una mahali pake, lakini ni nadra kusikia mstaafu akiulizwa: na jioni utakuwa unafanya nini? Mchana una shughuli zake: shamba, msiba, kikao cha harusi, foleni ya zahanati. Ikishapiga saa moja usiku ndipo nyumba inapomlemea mtu aliyezoea kurudi kutoka kazini akiwa hoi. Wengi huishia mbele ya televisheni wakigombana na taarifa ya habari.

Mwongozo huu unahusu kitu kimoja cha kufanya saa hizo, yaani kutazama nyota. Mstaafu ana jambo ambalo kijana mwenye darubini ya mamilioni hana: yupo nyumbani, jioni baada ya jioni. Anga halitoi mambo yake kwa usiku mmoja. Linamtaka mtu wa kurudi palepale, saa zilezile, wiki hadi wiki, mpaka aanze kugundua nani amehama na nani amebaki.

Tena sisi tunaoishi karibu na ikweta tumependelewa. London mwezi Juni usiku haufikii giza kamili hata kidogo. Mpenzi wa nyota wa huko akitaka kuona kitu lazima avumilie hadi usiku wa manane, na bado mbingu ina weupe. Kwetu jua linazama saa 12 na dakika zake karibu mwaka mzima, au saa 1 kwa watu wa Mwanza na Kigoma, na baada ya saa moja na robo hivi giza limekamilika. Unaanza saa 2, saa 3 na nusu uko kitandani. Halafu tunaliona karibu anga lote. Nyota za kusini zinazofanya msalaba haziwezi kuonekana Uingereza kamwe, na za kaskazini zinazofanya Dubu Mkubwa hazionekani vizuri Cape Town. Dar es Salaam au Nairobi unaziona zote mbili usiku mmoja.

Hatua ya 1: Kiti na mahali

Usinunue chochote bado. Tafuta kiti cha uvivu, kile cha turubai kinachokulaza nusu, au mkeka na mto. Kutazama juu ukiwa umesimama kunaumiza shingo hata kwa kijana. Kwa mwenye miaka 60 na kitu kunaleta kizunguzungu, na kizunguzungu gizani kinaleta kuanguka. Kwa wazee, kuanguka ndiyo hatari kubwa ya burudani hii kuliko nyoka na wezi.

Kwa hiyo kagua uwanja mchana. Ondoa ndoo, mawe, mpini wa jembe, kamba ya kuanikia nguo inayopita usawa wa shingo. Chagua sehemu ambayo taa ya jirani imezibwa na ukuta au mgomba. Taa yako mwenyewe izime. Anayetumia dawa za presha asisimame ghafla baada ya kulala chali. Akae kwanza, ahesabu hadi ishirini, ndipo ainuke. Mwenye sukari awe na kitu cha kutafuna mfukoni.

Mbu wanauma usiku, hilo halihitaji kuelezwa: soksi, mikono mirefu, dawa ya kupaka. Kwa wa Njombe, Makete, Lushoto au Limuru, Juni na Julai ongeza koti zito na blanketi, maana usiku mkavu wenye nyota nyingi ndio wenye baridi kali. Chupa ya chai ya tangawizi inasaidia.

Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mweupe wa sekunde mbili tu unakurudisha mwanzo. Tochi ifunge kitambaa chekundu, au paka kioo chake rangi nyekundu ya kucha. Taa nyekundu haiharibu sana uoni wa gizani. Simu iache ndani. Na siku ya mgao wa umeme usilalamike: mji mzima umezimiwa taa kwa ajili yako.

Hatua ya 2: Macho yapimwe

Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi. Ya mtu wa miaka 60 mara nyingi huishia 5 au pungufu. Hiyo ni hali ya kawaida na haizuii kitu, ila itatusaidia tutakapofika kwenye vifaa. Kinachozuia ni mtoto wa jicho. Ukiona kila nyota ina miale na duara la ukungu, au taa za magari usiku zinakupofusha, nenda kliniki ya macho kabla ya kulaumu mawingu. Kinaondolewa kwa upasuaji, na nyota za buluu hurudia rangi yake.

Waombe pia wapime presha ya macho, kwa sababu hiyo huiba uoni wa pembeni bila maumivu yoyote. Na uoni wa pembeni ndio wa kazi hii. Nyota hafifu ukiikodolea moja kwa moja inapotea. Ukitazama kando yake kidogo, inatokea. Jaribu usiku wa kwanza tu, utacheka.

Hatua ya 3: Majirani wajue

Tusifichane. Katika sehemu nyingi za nchi zetu, mzee anayeonekana nje peke yake usiku, kimya, akitazama juu, huanza kusemwa. Kwa mwanamke mzee mambo huwa mabaya zaidi. Usukumani na kwingineko vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyoletwa na moshi wa kuni. Kwa hiyo usijifiche. Mwambie balozi wako wa nyumba kumi au mzee wa mtaa, waambie vijana wa ulinzi shirikishi, na siku ya kwanza kabisa iwe ya hadhara: waite watoto wa jirani jioni mwezi ukiwa nusu, waonyeshe. Watoto wakishapeleka habari nyumbani, mtaa mzima utajua yule babu, au yule bibi, anatazama nyota na kugawa karanga.

Watakuja na watu wazima, wengine wakiomba uwasafishie nyota, mambo yao yamekwama. Wakaribishe kiti. Waambie wewe unaziangalia tu, kusafisha huwezi. Atakayebaki baada ya jibu hilo huenda akawa mwenzako wa kila jioni, na mwenza ni muhimu kuliko kifaa. Usikae nje peke yako sehemu iliyojitenga, hasa kama umetoka mjini ukajenga kiwanja kisicho na majirani wa karibu.

Hatua ya 4: Soma kalenda ya mwezi

Mwezi mpevu unafuta nyota. Ukitoka nje usiku wa mbalamwezi utaona nyota chache tu na utakata tamaa bure. Njia rahisi ya kupanga ni kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu, kwa sababu tarehe hizo ndizo umri wa mwezi wenyewe. Tangu tarehe 18 au 19 hivi hadi mwezi mwingine uandame, jioni zako zina giza, kwa kuwa mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Hizo ndizo siku za nyota hafifu na Njia Nyeupe, ule utepe wa mwanga hafifu unaokatiza anga.

Kuanzia tarehe 4 hadi 10 ni siku za mwezi wenyewe. Tazama mpaka kati ya sehemu yenye mwanga na yenye giza: hapo jua linapiga kwa upande, vivuli vya milima na mashimo vinarefuka, na hata binokula ndogo, ile darubini ya macho mawili ya kushika mkononi, inaonyesha mengi. Ukipevuka, jua linaupiga usoni na kila kitu kinakuwa bapa. Watu wengi wanafikiri mwezi mpevu ndio wa kutazamwa. Hapana, huo ni wa kutembelea.

Wa pwani wana faida ya ziada. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukipevuka, maji mafu huja mwezi ukiwa nusu. Andika unachokiona juu, kisha kesho yake shuka ufukweni uone maji yamefika wapi kwenye mikoko. Ukikaa Pangani, Lamu au Mafia, mvuvi yeyote mwenye umri wako atakueleza hesabu hiyo bila kitabu. Mkaribishe, ni mwalimu.

Hatua ya 5: Nyota chache kila msimu

Usijaribu kukariri makundinyota 88. Jifunze matatu au manne kwa mwaka wa kwanza.

Desemba hadi Machi, anza na kundinyota la Jabari (Orion). Nyota tatu zilizopangana mstari mmoja ni mkanda wake, na mtoto wa darasa la kwanza anaziona. Fuata mstari huo upande mmoja unakutana na Shira, nyota inayong'aa kuliko zote usiku. Fuata upande wa pili unakutana na Dabarani, yenye wekundu, kisha Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo zilizobanana. Hesabu unaona ngapi kwa macho: sita ni kawaida, saba ni macho mazuri. Kisha geukia kusini, chini ya Shira. Nyota nyeupe inayofuata kwa ung'avu ni Suheli, iliyowaongoza manahodha wa majahazi kiasi kwamba jina lake likawa jina la kusini.

Aprili hadi Juni, mvua za masika zitakunyima usiku mwingi, lakini ukipata upenyo kati ya mawingu anga linakuwa limeoshwa vumbi. Katikati ya Mei, saa 3 usiku, tazama kusini. Nyota nne za Salibu, ule msalaba wa kusini, zinasimama wima, na kushoto kwake nyota mbili kali zinazoielekea. Iliyo mbali zaidi na Salibu ni Rijili Kantori, jirani yetu wa miaka ya nuru 4 na kidogo, yaani mwanga wake hutufikia baada ya miaka hiyo. Urefushe mti mrefu wa Salibu mara nne na nusu kuelekea chini, hapo ndipo ncha ya kusini ya anga. Ukishuka wima kutoka hapo hadi ardhini, huko ndiko kusini hasa. Sasa geuka nyuma bila kuondoka kwenye kiti. Nyota saba za Dubu Mkubwa ziko juu ya kaskazini, zimepinduka. Mtu wa Ulaya angelipa nauli ya ndege kuviona vyote viwili kwa kugeuza shingo tu.

Julai hadi Septemba ndiyo kilele, na kwa sehemu kubwa ya Tanzania na Kenya ndiyo kiangazi chenye anga kavu. Dodoma, Singida, Magadi, Samburu, Turkana: ukiwa na ndugu huko, msalimie miezi hii. Nge yuko karibu na utosini, na kwa mara moja kundinyota linafanana na jina lake: kichwa, kifua chenye nyota nyekundu, mkia uliopinda na mwiba. Pembeni ya mkia huo Njia Nyeupe inavimba na kuwa nzito, kwa kuwa unatazama kitovu cha galaksi yetu. Mji wenye taa hauonyeshi hili. Kama uko mjini, hii ndiyo safari moja ya mwaka inayostahili nauli.

Oktoba na Novemba ni miezi mitulivu, yenye nyota kali chache. Itumie kwa sayari kama zipo. Sayari unaitambua kwa kutulia: nyota humeta, Mshtarii na Zohali hazimeti. Zuhura hakuna wa kumkosea, ni kali kupita zote, nayo huonekana jioni magharibi au alfajiri mashariki, kamwe si usiku wa manane.

Ukitaka msaada wa simu, programu ya Stellarium ina toleo la bure. Iwekee mwanga mwekundu, itumie kuhakikisha tu, kisha iweke chini. Wapo wanaoutazama usiku wote kwenye kioo cha simu.

Hatua ya 6: Daftari

Hapa ndipo mstaafu anapowashinda wengine. Nunua daftari la kawaida. Kila usiku andika tarehe, saa, hali ya anga, na jambo moja uliloona. Moja tu linatosha.

Kazi ya kwanza ninayoipendekeza ni ya wahenga: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Wengi tumeisikia, wachache tumeihakiki. Kuanzia mwanzo wa Aprili tazama magharibi mara giza linapoingia. Kila wiki utakikuta Kilimia kimeshuka zaidi, hadi mwishoni mwa mwezi huo au mwanzo wa Mei hukioni tena, kimeingia kwenye mwanga wa jua. Andika tarehe ya mwisho uliyokiona. Kisha tangu Juni ianze, amka saa 11 alfajiri utazame mashariki, ambapo mstaafu ameshaamka kwa sala au kwa mazoea ya kazi. Andika tarehe ya kwanza uliyokiona tena. Pembeni andika mvua: ilinyesha au ilikatika lini? Kwa pwani masika huwa imepamba Kilimia kinapozama na imekwisha kinapozuka. Ukifanya hivyo miaka mitatu mfululizo utakuwa na kumbukumbu ya kijiji chako, na utaweza kuona kama methali bado inashika katika hali ya hewa ya sasa.

Kazi ya pili ni ya wenye binokula. Galileo Galilei mwaka 1610 aliona vinukta vinne kando ya Mshtarii, na kwa kuvichora usiku baada ya usiku akatambua kuwa ni miezi inayoizunguka. Hakuhitaji hesabu kubwa, alihitaji kurudi kesho yake. Egemeza binokula juu ya ukuta au mgongo wa kiti, chora duara dogo na vinukta pande zake. Baada ya wiki mbili utaona vimepishana, kimoja kimejificha, kingine kimerudi.

Hatua ya 7: Nyota ya umri wa kila mtu

Wajukuu hawakai kimya kwa hotuba. Wape mchezo huu. Mwanga wa nyota unachukua miaka kufika, kwa hiyo kila mtu ana nyota ambayo mwanga wake wa leo ulianza safari mwaka aliozaliwa, au karibu na hapo. Mjukuu wa miaka minane au tisa, mwonyeshe Shira. Wa kidato cha tano, mwenye miaka 17, ana Altair. Kijana wa miaka 25 anayetafuta ajira ana Vega, kaskazini mwezi Agosti. Mwenye miaka 65 mwonyeshe Dabarani. Bibi mwenye miaka 79 ana Regulus, nyota ya Simba, ambayo jioni za Aprili iko juu.

Kuna Simaki pia. Fuata mkia wa Dubu Mkubwa uliopinda, uendelee na mpindo huohuo hadi ukutane na nyota ya rangi ya chungwa. Mwanga wake unachukua miaka 37. Mwalimu aliyeanza kazi akiwa na miaka 23 na kustaafu akiwa na 60 ametumikia miaka 37. Jioni ya kustaafu, mwanga unaomfikia kutoka Simaki uliondoka huko mwaka aliposhika chaki kwa mara ya kwanza.

Wapo watoto wanaodhani mambo ya anga ni ya Wazungu. Wasimulie setilaiti ya Uhuru. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka kwenye jukwaa baharini karibu na Malindi, ikiwa ya kwanza duniani kuundwa kwa ajili ya kupima mionzi ya eksirei ya angani tu, na ikapewa jina hilo kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Siku hizi Susan Murabana na mwenzake Chu Owen wanazunguka Kenya na darubini kubwa kupitia The Travelling Telescope, wakiwafuata watoto shuleni. Shule iliyo karibu nawe itafurahi ukijitolea jioni moja, na huhitaji gari wala darubini.

Hatua ya 8: Sasa unaweza kununua

Subiri miezi sita. Kama bado unatoka nje, nunua binokula. Namba mbili zilizoandikwa juu yake, mfano 10x50, zina maana hii: ya kwanza inakuza mara ngapi, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza unapata upana wa mwanga unaoingia jichoni. Ya 7x50 inatoa milimita 7, na tumeshaona mboni ya mtu mzima haifunguki hivyo. Nusu ya uzito uliobeba inakuwa ya bure. Ya 10x50 inatoa 5, ya 8x42 inatoa 5 na kidogo. Mwenye mikono inayotetemeka achukue 8x42, ni nyepesi na picha haichezi sana.

Dukani ishike machoni dakika tano kabla ya kulipa. Mikono ikichoka hapo, usiku itachoka zaidi. Tazama ukingo wa paa la mbali: ukiona mbili mbili, au kichwa kikianza kuuma, irudishe. Mwenye miwani ya kusomea tu aivue, binokula itamrekebishia. Mwenye miwani ya macho yasiyolingana mviringo abaki nayo, na akunje mpira wa machoni. Kama una mtoto au mpwa Muscat, Doha au London anayekuja likizo, hii ni zawadi inayoingia kwenye begi bila ugomvi. Mwandikie namba usimwachie achague kwa sura.

Darubini ya miguu mitatu ni jambo la baadaye, na wengine hawatalihitaji kamwe. Ikibidi, kimbia sanduku lolote lililoandikwa inakuza mara 500 na kitu. Kipimo cha haki ni mara mbili kwa kila milimita ya upana, basi ya milimita 60 haivuki 120, mengine ni ukungu. Kinachofaa ni darubini ya kioo kilichopinda cha sentimita 13 au 15 inayokaa juu ya kitako cha mbao, kwa sababu haitikisiki. Ya sentimita 20 inaonyesha zaidi lakini ina uzito wa kilo 20 na ushee, na mgongo wako unaujua mwenyewe. Pete za Zohali zinaanza kuonekana kwenye ukuzaji wa mara 30 hivi. Mtu akiziona mara ya kwanza huangalia mbele ya bomba kama kuna picha imebandikwa.

Tahadhari moja haina mjadala: binokula wala darubini haielekezwi kwenye jua hata sekunde moja. Jicho linaungua bila kuuma. Mchana vifaa vifungiwe ndani, watoto wasivichezee.

Hatua ya 9: Tarehe za kuweka kwenye kalenda

Vimondo vya Desemba, usiku wa tarehe 13 kuamkia 14, ndivyo bora kwetu. Vinahitaji mkeka tu, na vinazidi baada ya saa 4 usiku. Vya Agosti vinavyosifiwa sana mitandaoni ni vya watu wa kaskazini. Huku tunapata makombo. Anayependa kugusa kilichoanguka asafiri hadi Mbozi, mkoani Songwe, kilipo kimondo cha chuma chenye urefu wa mita 3 hivi na uzito wa zaidi ya tani 10.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Litapatwa kamili kusini mwa Hispania, Afrika Kaskazini, Luxor nchini Misri kwa zaidi ya dakika 6, Makka na Jidda, hadi ncha ya Somalia. Kenya na kaskazini mwa Tanzania litaliwa sehemu tu, mchana, na kadiri ulivyo kaskazini ndivyo litakavyoliwa zaidi. Waliokwenda Rujewa, Mbarali, tarehe 1 Septemba 2016 kuona jua likibaki pete wanajua watu walivyohangaika na vitu vya kutazamia. Filamu za eksirei, kioo kilichopakwa masizi, miwani ya jua, beseni la maji: vyote havikingi macho. Tafuta miwani ya karatasi yenye alama ISO 12312-2 mapema, kabla bei haijaruka, na itupe ikiwa imekwaruzwa. Asiyenayo atoboe tundu dogo kwenye kadibodi, alipe jua mgongo, atazame taswira yake ikianguka kwenye karatasi nyeupe.

Kupatwa kwa mwezi hakuna hatari yoyote, ni kwa macho matupu. Tarehe 31 Desemba 2028 mwezi utachomoza mashariki ukiwa tayari umeanza kuliwa. Utakuwa mwekundu mzima kuanzia saa 1 na robo usiku hadi karibu saa 2 na nusu, na kufikia saa 3 na dakika 40 utakuwa umetoka wote kivulini. Viti vipangwe uwanjani kuanzia saa 12 na nusu, pilau iive mapema, na wanaokwenda mkesha wa mwaka mpya watawahi.